Mafuta ya Sultani Mbele ya Foleni

Leo nimefedheheka, ndugu zangu. Na kwa kuwa habari imekwisha kufika Magomeni ikiwa imepindishwa, naona ni wajibu wangu kuieleza jinsi ilivyokuwa.

Mnamfahamu paka wangu, Sultani, mlinzi wa unga na mchele wetu wa mgawo. Siku za karibuni amekuwa akinyonyoka manyoya mgongoni, na ngozi imekauka kama ukuta wa chokaa. Rafiki yangu, bwana mifugo mstaafu, alinieleza kwamba chakula chake kimepungukiwa mafuta.

"Mtafutie mafuta ya maini ya papa," alisema. "Kijiko kidogo juu ya chakula kila siku. Manyoya yatarudi."

Asubuhi nikaenda Kariakoo kwa muuza papa mkavu, nikayapata. Taabu ikawa chombo. Nilikuwa na chupa ya nyumbani, ileile tunayochukulia mafuta ya kupikia, inayojulikana mtaa mzima. (Nyingine ningeitoa wapi, katika hali hii?) Nikaiziba kwa gunzi la muhindi, nikaificha ndani ya koti la kaunda suti, nikashika njia kwa miguu.

Kwa nini niliificha? Jana tu, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya duka letu la ushirika hapa Ilala, niliwatangazia watu kwamba mafuta hayajafika. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba mlanguzi ni adui na mahali pake ni rumande.

Nilipokaribia nyumbani, foleni ya sabuni ilikuwa imejipanga mbele ya duka. Nikapita kwa mwendo wa heshima. Gunzi likalegea.

"Shikamoo, mzee," akasema mgambo aliyesimamia foleni.

"Marahaba."

"Mzee, koti lako linavuja."

Foleni nzima ikageuka! Doa lilikuwa limeenea kutoka kwapani hadi mfukoni. Mgambo akaichomoa chupa.

"Mafuta!" akapiga ukelele Mama Zaituni, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. "Jana katuambia hayapo. Kumbe yapo kwapani!"

"Ni dawa ya paka," nikasema.

"Wanangu wanakula mchicha wa kuchemsha, paka wake anakaangiwa!"

Mgambo akanusa. "Yananuka samaki."

"Si yamekwisha kukaangiwa samaki!" akadakia Mama Zaituni.

Vicheko havikuwapo. Watu walianza kunizunguka. Mgambo akanishika mkono. "Twende kituoni, mzee. Utaeleza huko."

Utumishi wangu wote bila doa, halafu nifikishwe kituoni kama mlanguzi! Nikadai, kwa mujibu wa haki, shahidi aletwe. Mke wangu akavuka barabara na Sultani mikononi, na kifuniko cha sufuria. Mgambo akammiminia kidogo kwenye kifuniko hicho.

Sultani akanusa. Akapiga chafya. Akanipa mgongo. (Paka niliyemlea tangu hajafumbua macho!)

"Hata paka kamkana!" akasema Mama Zaituni. "Kama ni dawa, na anywe mwenyewe."

Mgambo akanikabidhi chupa.

Nikanywa.

Mafuta yale hayamezeki, ndugu zangu. Hufika kooni yakaketi. Machozi yalinitoka, makamasi yakanitoka, na masharubu yangu yakalowa hadi kidevuni.

"Haya si ya kupikia," mgambo akatangaza. "Uso wa mzee unatosha. Nenda nyumbani."

Nikashusha pumzi. Jina langu limepona!

Ndipo Sultani aliponirukia kifuani, akashika ukosi wa koti kwa kucha, akaanza kunilamba masharubu. Taratibu. Kwa bidii. Hakuacha hata tone.

Foleni ikavunjika kwa kicheko. Wengine walikaa chini.

"Haya mwenyekiti," akasema Mama Zaituni akijifuta macho kwa kanga, "kumbe kijiko ni wewe!"

Jioni hii nimemtengea dawa yake kwenye kisahani. Amekataa. Nimempa kwa kijiko. Amekataa, na ameketi akinitazama mdomoni. Nawasihi msicheke: bwana mifugo ameagiza dawa iendelee mpaka manyoya yaote yote.