Mama Mkwe Upande Huu, Mimi Chooni Upande Ule

Leo aibu imenifuata mpaka chooni. Nawaandikia magoti bado yananiuma, na naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunipigia simu.

Kwa wageni wa kundi hili: mimi ni Dido, wa Lubumbashi, naishi mtaa wa Jette hapa Bruxelles, Ubelgiji, na kazi yangu ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Mke wangu anaitwa Nadine. Ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Nadine naye ana mama. (Shikilieni hapo.)

Maman Albertine ni mama mkwe wa mtindo wa kwetu, hajapunguza kitu tangu ashuke kwenye ndege. Mkwe hamtazami usoni. Mkwe hali mbele yake, hampi mkono, hapiti karibu yake. Akija kututembelea, yeye anakaa sebuleni na mimi nakaa balkoni. Theluji inaanguka, mimi niko balkoni. Majirani wameshazoea, mmoja aliwahi kuniletea supu. Lakini msinionee huruma, maana nilikuwa napata sifa. Maman anaishi Uccle, upande wa pili wa mji, kwa Clarisse, dada yake Nadine, na siku moja mume wa Clarisse alimfungulia mlango akiwa amevaa kaptula. Tangu siku ile Maman anakula chumbani kwake peke yake. Mkwe mwenye adabu nilikuwa mimi. Nilikuwa.

Sasa shida yenyewe. Nadine anataka mama yake aje kukaa nasi miezi mitatu mtoto akizaliwa. Ni mtoto wa kwanza, nani atamfundisha kumwogesha? Mimi najua kusukuma vitanda tu. Maman akakataa.

"Ile nyumba yenu iko kadogo," alimwambia Nadine. "Mu corridor ile, tutapishana wapi na mukwe?"

Na hakukosea. Korido yetu ukiingia na mfuko wa viazi huwezi kugeuka. Nadine amelia wiki mbili. Anakunja nguo za mtoto, analia, anazikunjua, anazikunja tena. Mwishowe Maman akasema sawa, atafikiri, na jibu la mwisho atalitoa Jumapili hii.

Hapo Nadine akapata wazo. Rafiki yetu Willy, wa Bukavu, hana mke lakini ana karavani, na ana mbwa wawili. Mmoja anaitwa Bandit, mkubwa kama ndama. Wa pili ni Praline, unaweza kumtia kwenye mfuko wa koti. Kila kiangazi tunatoka nao wikiendi kwenye kambi moja nje kidogo ya mji, tunachoma nyama, tunarudi tunanuka moshi na mbwa. Nadine akasema tumwalike Maman aje kutuona huko Jumapili. Hoja yake ilikuwa kwamba mama akiona ninavyotunza heshima ndani ya karavani ya mita nne, habari ya korido itakwisha yenyewe. Mimi nikaona nimeoa mwanamke mwenye akili sana.

Tukapanga kila kitu. Maman angefika saa tano. Kiti chake chini ya turubai, kinatazama miti. Kiti changu nyuma ya jiko la mkaa, na gari la Willy katikati. Suruali yangu nzuri Nadine aliipiga pasi tangu nyumbani, tukaitundika nje kwenye kamba ili isijikunje. Jamani, hata njia ya kwenda kutupa takataka tuliipima ili nisikutane naye.

Leo asubuhi, saa tatu kasoro, Willy na Nadine wakatoka kwa miguu kwenda kununua pistolet, ile mikate midogo ya Jumapili. (Daktari amemwambia Nadine atembee.) Mbwa wakabaki ndani na mimi. Kwenye mabafu ya kambi kulikuwa na foleni ya watoto wenye miswaki, nikaamua kunawa humu humu ndani. Choo cha karavani, kwa msiokijua, ni kabati. Ukikaa, magoti yanagusa mlango. Ukisimama, kichwa kinagusa taa. Lakini kina sinki ndogo na maji, nami nikaingia na boksa yangu. Ni boksa ya mioyo myekundu, zawadi ya Nadine ya Saint-Valentin, siku ya wapendanao. Hiyo tu. Hata taulo sikuchukua, nilisema nitajikausha kwa upepo.

Nimeshajipaka sabuni usoni na mgongoni nikasikia gari. Halafu mlango wa karavani. Halafu sauti ya Clarisse ikisema hakuna mtu, watakuwa wametoka, yeye anawahi kwaya kanisani kule Porte de Namur, Maman aingie tu apumzike. Gari likaondoka. Karavani ikainama kidogo upande wa mlangoni.

Mama mkwe wangu alikuwa ndani.

Ndugu zangu, dakika ile ya kwanza ningekohoa. Kikohozi kimoja tu. Angetoka nje, mimi ningetafuta nguo, na leo mngekuwa mnasoma habari za watu wengine. Lakini nilifikiria suruali yangu safi ya pekee, iko nje kwenye kamba, nikafikiria ile mioyo myekundu, nikaganda na sabuni yangu. Simu nayo nilikuwa nimeiacha inachaji karibu na jiko la gesi.

Mlango wa kile choo umetobolewa vitundu vya hewa. Nilifumba macho kwa heshima. (Jicho moja.) Maman akaketi kwenye benchi, akavuta pumzi ndefu. Praline akamrukia mapajani. Nikasubiri kelele, maana Maman akiwa Uccle anasema mbwa ni mnyama wa nje. Hakupiga kelele. Alisema, "Kuya, mutoto," akampakata.

Kisha akavua wigi.

Sikujua kama ni wigi. Miaka mitano nimemwoa binti yake, sikujua. Aliiweka mezani, akajikuna kichwa kwa raha ya mtu aliyesubiri tangu Uccle. Hapo kukohoa kukawa hakuwezekani tena. Akanusa huku na huku, akafunua sufuria, akakuta kuku wetu wa jana na pilipili yake. Akala kwa vidole. Ngozi akampa Praline, shingo akampa Bandit. Lakini Bandit, msaliti yule, akaichukua shingo akaja kuilia mlangoni kwangu, akamaliza, akaanza kukwaruza.

"Weye, toka pale," Maman akamwambia. "Mule hamuna kitu."

Bandit hakukubali. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya choo, miguu juu, nimeshikilia kitasa kwa mikono miwili. Ndipo Maman akaanza kuzungumza na Praline.

"Mi ningeenda Jette hata leo," alisema. "Kwa Clarisse banapika bila chumvi, bila mafuta. Lakini mi nakoroma, mutoto. Nakoroma mubaya. Na hii kichwa, unaiona, nywele iliisha. Ule mukwe wangu ananiheshimia sana. Akiniona hivi, ile heshima itabakia wapi?"

Nilisikia huruma, kusema kweli. Miaka yote nimedhani anaikimbia korido yetu kwa sababu yangu. Kumbe naye alikuwa na la kuficha, na sasa mtu pekee duniani ambaye hakutakiwa kulisikia alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake na sabuni masikioni.

Sasa sikilizeni. Tanki la choo cha karavani linatolewa kwa nje. Kuna kijilango ubavuni, unafungua, unalivuta, unakwenda kulimwaga. Willy, mtu mwema, alirudi kutoka kwa mwoka mikate akakumbuka kwamba mgeni anakuja saa tano na tanki limejaa. Hakujua kwamba mgeni ameshafika. Nadine alikuwa amebaki nyuma, anapumzika kwa majirani wa pale kambini. Nikasikia kijilango kinafunguliwa, nikasikia tanki linavutwa, na mara choo kikaingia mwanga kutoka chini. Nikashuka taratibu. Nikapiga magoti. Nikainamisha kichwa ndani ya bakuli la choo, na kupitia lile tundu nikaona kandambili za Willy kwenye majani.

"Willy," nikanong'ona.

Kandambili zikaruka. Sitawaeleza kilichomwagika wala kilimwagikia wapi.

"Iko nani?"

"Ni mimi, Dido."

Akainama. Jicho lake likatokea kwenye tundu, limejaa huruma. "Dido, umeanguka mu choo?"

Nikamweleza kwa kunong'ona kwamba mama mkwe yuko ndani, mimi niko uchi kasoro mioyo, aniletee suruali iliyo kwenye kamba. Willy ni rafiki wa kweli, hakuuliza swali la pili. Alileta suruali na kuanza kuisukuma kwa chini, mguu mmoja kwanza. Mimi nikaupokea kwa juu. (Ndiyo. Kupitia hapo. Mtu mwenye shida hachagui.) Mguu wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita nusu, halafu mkanda ukanasa. Yule anasukuma, mimi navuta, suruali haipandi wala haishuki. Na Willy, kwa kuchoka, akasahau kunong'ona.

"Vuta, Dido!"

Bandit akasikia sauti ya bwana wake inatoka chooni. Kwa akili ya mbwa, hiyo maana yake ni moja tu: Willy amefungiwa mle. Akarudi nyuma, akaja na uzito wake wote. Ule mlango ni plastiki.

Basi picha mliyoitaka ndiyo hii. Mlango umelala sakafuni, Bandit juu yake. Mimi nimepiga magoti nimewapa mgongo, na si mgongo tu, mioyo yote inatazama sebule. Kichwa changu kimo chooni. Mikononi nina mguu wa suruali. Nyuma yangu ni Maman Albertine, hana wigi, ana paja la kuku mkononi na Praline mapajani.

Sikugeuka. Nilijiambia kwamba nisipomtazama usoni, kidogo heshima imebaki. Nikamsikia anavuta kitambaa cha vyombo, anajifunika kichwa. Mimi nikajifunika kwa nilichokipata, na nilichokipata kilikuwa mfuko wa biskuti za mbwa.

"Dido," Maman akasema taratibu. "Uko mule tangu saa ngapi?"

"Kabla hamujaingia, Maman."

"Ulisikia?"

"Hapana, Maman."

Bandit alikuwa ananilamba sabuni mgongoni.

"Dido."

"Nilisikia, Maman."

Nadine akaingia wakati huo huo na mfuko wa pistolet. Akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Akautazama mlango. Kisha akaketi kwenye ngazi ya kuingilia, mkono tumboni, akaanza kulia bila sauti, nami nikajua anaihesabu ile miezi mitatu ikiondoka mmoja mmoja. Nimewahi kujisikia vibaya maishani, ila leo nilitamani lile tundu lingekuwa pana kidogo nipite.

Maman akamaliza paja lake la kuku. Kweli kabisa, alilimaliza. Akafuta vidole kwa kitambaa kile kile cha kichwani, akavaa wigi, akageukia mlangoni.

"Nadine, weye unalia nini? Bwana yako ameona kichwa yangu. Na mimi nimeona, bon, nimeona ile nimeona. Alors, mu corridor yenu tutafichana nini tena? Minakuja. Leo."

Nadine akaendelea kulia, ila sasa alikuwa anacheka humo humo mpaka nikaogopa mtoto angetoka kabla ya wakati. Willy akachungulia dirishani akiuliza kama aendelee kusukuma. Maman akanitumia sharti moja kwa mdomo wa Nadine, ingawa nilikuwa naye mita moja: nyumbani nivae suruali, hata nikienda kunawa.

Suruali yenyewe mpaka tunaondoka ilikuwa bado imenasa. Nimerudi Bruxelles na suruali ya Nadine ya ujauzito, ile yenye mpira kiunoni, na sioni sababu ya kuirudisha. Kwenye gari la Willy, Maman alikaa mbele, mimi nyuma na Nadine, katikati ya mbwa. Sanduku lake Clarisse atalileta kesho, na Clarisse bado hajaambiwa kwa nini.

Somo langu ni fupi: mama mkwe akiingia ukiwa chooni, kohoa dakika ya kwanza. Na msicheke, tafadhali. Amelala sebuleni kwetu sasa hivi, na kuhusu kukoroma hakumdanganya mbwa.