Chumba cha Vijana na Itifaki Yangu

Jumatatu, 2 Februari

Hatimaye! Serikali ya mtaa imekumbuka kwamba Chamazi ina vijana. Stoo ya ofisi ya mtaa itakuwa chumba chetu, na Jumamosi tutaulizwa wenyewe kitumikeje. Nataka kiwe cha kusomea. Nyumbani nasomea kitandani, huku dada Shamimu akisuka wateja wake hapohapo na kuwahadithia ndoa za watu. Jana nimejibu swali la Historia kwa habari za mume wa mtu wa Mbande.

Jumatano, 4 Februari

Mwakilishi wa vijana ni Brightson. Brightson! Ana mvi kidevuni, na mwanawe nasoma naye darasa moja. Anataka meza ya pool. Nilimweleza kwa adabu kwamba wanafunzi hatuna pa kusomea. Akacheka mbele ya kijiwe kizima: "Mdogo wangu, vitabu si mnavyo shuleni? Huku tuacheni tupumue." Mdogo wake! Na shikamoo yangu alikuwa ameshaiitikia!

Alhamisi, 5 Februari

Nimemwomba Shamimu anisemee, maana mimi nikitazamwa na watu zaidi ya watatu, sauti hukauka. Kakataa. Eti chumba nataka mie, basi mdomo nao niutoe mie. Sawa! Nimeandika hotuba, tena ya kistaarabu, yenye itifaki kamili kama za wakubwa. Shamimu kaisikiliza, kauliza kama naomba chumba au nafungisha ndoa. Wivu tu.

Jumamosi, 7 Februari

Aibu! Kila kijana alipewa dakika mbili. Nilisimama. Nikamtambua mgeni rasmi. Nikamtambua mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kamugisha. Nikawatambua wajumbe, mmoja mmoja, kwa majina. Nikawatambua viongozi wa dini. Nilikuwa namtafuta balozi wa shina kwa macho nimtambue naye, Mzee Kamugisha akagonga meza: ahsante binti, muda umekwisha.

Chumba sijakitaja!

Brightson akainuka. "Vijana hoyee! Sie tunataka pool." Akakaa. Makofi. Imepita. Na hakumtambua hata mgeni rasmi! Ndiyo nchi inaendeshwa hivi? Shamimu kacheka njia nzima, kila tukipishana na mtu ananiambia nimtambue.

Jumapili, 8 Februari

Mzee Kamugisha kaja nyumbani. Anasema tangu awe mwenyekiti hajatambuliwa vizuri namna ile. Ananiomba niwe mshereheshaji siku diwani atakapokuja kuzindua meza ya pool, niwatambulishe wageni. Mimi! Kwenye pool! Nilitaka kukataa.

Kisha nikawaza. Kipaza sauti mkononi mwangu, diwani amekaa pale mbele, na hakuna wa kuondoka kabla ya pilau. Nitaomba chumba cha kusomea palepale, mara tu nikimaliza itifaki.

Nimeshaanza kuiandika. Safari hii simruki mtu. Niko ukurasa wa nne, bado wake wa wajumbe.