Mfuniko wa Sufuria ya Shughuli

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Ukweli uandikwe: bila mimi Nassibu, Musoma ingekuwa kimya kama kaburi. Nilikuwaga fundi wa redio ya meli. Meli nzima! Nahodha hang'oi nanga mpaka anione.

Jumamosi anaolewa Mwanahalima, binti wa marehemu kaka yangu. Wakwe wa Bunda walipoleta posa walisema nyumba yetu imepoa kama matanga. Mtoto akanishika mkono: baba mdogo, sitaki kitanda wala kabati, nataka nitoke mlangoni muziki unalia. Nikaahidi. Mbele ya watu.

Amplifaya naunda mwenyewe. Betri za lori ninazo, spika ninayo, transista nne zimepita mpakani Sirari ndani ya gunia la mitumba. Zinafanana na vikofia vya bati. Mbili za kazi, mbili akiba.

Nimepita kwa Hamduni sokoni. Watu humwita fundi. Mimi namwita muuza betri. Anasema vikofia hivyo vinatoa moto mkali, lazima vifungwe kwenye alumini pana kama sinia, joto lipate pa kutawanyikia. Sinia! Nikamwuliza napiga muziki au napakua ubwabwa? Nimekata kipande sawa na pakiti ya sigara. Kinatosha na kubaki.

Jumanne, 5 Agosti

Imelia! Mtaa wetu wote wa Kitaji umesikia!

Hamduni ana kipimo chake: weka kidole juu ya alumini, hesabu mpaka kumi. Kidole kikishindwa kukaa, alumini ni ndogo. Nikaweka kidole. Nikahesabu mbio mbio, kama mtu anayewahi foleni ya sukari. Kumi ikafika. Nimeshinda.

Wimbo haukufika mwisho. Tssss. Vikofia viwili, basi tena. Mke wangu Tabu akauliza nani anachoma viatu.

Jumatano, 6 Agosti

Kidole kina lengelenge. Nimekunjua debe la mafuta ya kula, nikafunga vikofia vya akiba. Debe ni chuma: pembeni baridi, katikati jehanamu. Nikazima upesi. Hamduni akapita, eti mzee, hilo debe likikuchemshia chai uniite. Nikamjibu nafanya utafiti.

Alumini mjini hakuna. Kila mwenye nayo anapikia.

Anapikia! Mungu mkubwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sufuria ya Tabu, ile kubwa ya shughuli. Aliipangia foleni kutwa nzima mwaka ule wa shida. Siwezi kuitoboa, mimi si mkatili. Nimetoboa mfuniko.

Kidole kimekaa! Kumi ya polepole, na nyingine juu yake kwa raha tu. Huu ni uvumbuzi wangu. Hamduni alisema sinia. Mfuniko si sinia.

Ijumaa, 8 Agosti

Tabu anatafuta mfuniko. Nikasema ameuazima jirani yetu Dorotea. Akaenda kwa Dorotea! Sikutegemea. Dorotea ameapa kwa Bikira Maria, sasa hawasemeshani. Tabu anasema bila mfuniko pilau haitapaliwa makaa, na wakwe hawaji kutafuna mchele. Nikamwambia tumwachie Mungu.

Jumamosi, 9 Agosti

Muziki ulianza vizuri. Wakwe wanatikisa vichwa. Amplifaya niliifunika kanga, Tabu asiuone mfuniko. Kumbe joto nalo linataka hewa. Kanga ikaanza kutoa moshi.

Aliyekimbilia kuivuta ni Tabu.

Akachukua kisu cha vitunguu, akakata nyaya, akaondoka na mfuniko. Nilipofika jikoni: mfuniko juu ya sufuria, makaa juu ya mfuniko, vikofia vyangu viwili katikati ya makaa, vyekundu kama pilipili.

Kimya. Mwanahalima yuko ndani, kajifunika ushungi, hataki kutoka. Shangazi wa bwana harusi akauliza kwa sauti kama hapa kuna msiba.

Ndipo Hamduni akatokea mlango wa mbele, redio kaseti begani. Mtoto akatoka muziki unalia, yeye analia, anacheka. Vigelegele vyote vikaenda kwa Hamduni.

Jumapili, 10 Agosti

Pilau imesifiwa mpaka Bunda. Ni matundu yangu! Yalitoa mvuke, mchele ukachambuka. Hakuna aliyenishukuru.

Kosa nimeligundua: mfuniko ulikuwa mdogo. Dawa ni bati la paa. Paa zima! Hewa tele, halifunikwi kanga, haliendi jikoni. Kwamba ni chuma, si kitu, ukubwa utafidia. Kwamba jua linalichoma kutwa, si kitu: jua liko juu, vikofia nitavifunga chini. Nimepanda kupima. Tabu ameondoa ngazi. Naandika hukuhuku juu, nimekalia kiatu, bati linaunguza.

Kutoka hapa naona kibanda cha Hamduni. Watu wamejaa. Wanasema ni muungwana, alisikia kimya akaja mwenyewe.

Hakuja mwenyewe. Nilitokea mlango wa nyuma, nikamwendea mbio, mguu mmoja kiatu, mmoja peku. Nikamwita fundi. Mara mbili, maana ya kwanza alijifanya hajasikia.