Usimuuzie Anitha Diski Kubwa

Evarista Luka (Mama Anitha),
Kijijini, Kongwa.
Tarehe 14, mwezi wa nane.

Kwako mwanangu Imrani, muuza kompyuta, Dodoma mjini,

YAH: KUKUOMBA USIMUUZIE BINTI YANGU DISKI KUBWA WALA SKRINI ILIYOPINDA

Assalamu alaykum kwa desturi yenu, na Bwana asifiwe kwa desturi yetu. Shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaitoa, marahaba. Hatujuani kwa sura, ila Anitha wangu anakutaja kuliko anavyomtaja mchungaji, ndiyo maana nimeona nikuandikie mwenyewe kabla sijaenda mbele zaidi. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iinue uendelee.

Anitha, kama unavyojua, anapiga video za harusi na za kwaya, halafu anazikata na kuziunga kwenye kompyuta, huko kwenye chumba alichopanga mjini. Juzi kanipigia simu amefurahi sana, anasema umemshauri anunue kompyuta ya mezani, skrini mbili, na diski ya teribaiti nane. Nina malalamiko. Nimeyawekea namba ili usipotee njiani.

1. Diski. Mpaka sasa anatumia zile ndogo za kuenea kiganjani. Ikijaa moja, anaogopa kuiacha chumbani kwa sababu ya wezi, basi anapanda basi anakuja kuniwekea mimi. Ninazo tisa kwenye sanduku la bati, nimezifunga kwenye kitenge pamoja na majani ya mwarobaini, na hadi leo hakuna hata moja iliyobunguliwa. Nani huko mjini anaweza kusema hivyo? Kila moja ina jina lake. Harusi ya Debora: siku hiyo alikuja na sukari, tukala ugali wa uwele na mlenda, akalala siku mbili. Kwaya ya Pasaka: alinikuta na homa, akanipeleka zahanati. Sasa wewe unampa diski ambayo, kwa maneno yako mwenyewe, haitajaa miaka sita. Aliniambia hivi: "Mama, sitahangaika tena na safari za diski." Mwanangu Imrani, miaka yote hiyo mimi nilidhani anakuja kunisalimia.

2. Unasema diski mpya haina sauti, na unasema kama vile ni sifa. Ile anayotumia sasa inakoroma kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Nikimpigia simu naisikia, najua mtoto yupo kazini na hajambo. Hii ya kimya, nitajuaje kama anafanya kazi au kalala na njaa?

3. Skrini iliyopinda. Huku kwetu bati likipinda tunapunguziwa bei. Wewe unaongeza. Sigombi, nauliza tu.

4. Na kwa nini mbili? Anayetazama huku kwa jicho hili na kule kwa jicho lile ni kuku, na kuku hajawahi kuombwa na mtu akate video ya harusi. Tena umemwambia skrini hiyo inaonyesha ngozi ya mtu mpaka kinyweleo. Hebu fikiria mbele kidogo. Bibi harusi ataonekana chunusi zote. Ndugu wa bwana harusi wataiona video, wataanza kunong'ona, ndoa zitavunjika kuanzia Kongwa hadi Kondoa, vijana wataogopa kuoa, harusi zitakwisha, Anitha hana kazi, na wewe hiyo diski utamuuzia nani? Utakuwa umelifunga duka kwa mkono wako mwenyewe.

5. Meza. Hili ndilo lililonitoa machozi. Alinituma nipime meza ya marehemu baba yake, ile aliyoichonga kwa mninga. Yaani hata meza anataka kuibeba aende nayo. Nilichukua futi ya cherehani nikapima, nikamtajia sentimita tisini. Nakiri kwako kwa kuwa wewe ni mtu wa dini: nilipunguza sitini. Nilijua skrini mbili hazitaenea, naye atakata tamaa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, umuuzie diski ndogo kuliko zote ulizonazo, iwe inajaa kila wiki mbili, na wakati wa mavuno kila wiki. Pili, kijana yeyote atakayetaka zaidi ya teribaiti moja alete kwanza barua ya mama yake, iliyogongwa muhuri wa mtendaji wa kijiji. Nimeshaongea na mtendaji wetu, Ndugu Sila. Anasema hajawahi kusikia jambo la namna hiyo, lakini muhuri anao.

Ukikataa, nitakuja mwenyewe nikae mlangoni pako na sanduku langu la bati, na kila mteja atakayeingia nitamwuliza mara ya mwisho alilala kwao lini.

Msalimie mama yako, tena umpigie leo. Wasalimie majirani wa dukani na wateja wote, isipokuwa wa diski kubwa. Barua hii ataileta Kefa, kondakta wa basi. Mpe maji ya kunywa.

Ni mimi mzazi mwenye wasiwasi,
Mama Anitha.

N.B. Bahasha nilishaibandika kwa uji, nimeibandua. Anitha kapiga simu sasa hivi, anauliza kama kuna soketi karibu na meza ya baba yake. Nikamwuliza soketi ya huku inamhusu nini. Akasema, "Mama, si ndipo nitakapoifunga kompyuta? Narudi nyumbani. Mjini nitakuwa naenda siku za harusi tu."

Basi, mwanangu, yote ya hapo juu yasome kama ya mtu mwingine. Muuzie hizo teribaiti nane, na ukiwa na kumi na sita ni bora zaidi. Skrini mpe mbili, hata tatu, zilizopinda mpaka zikutane. Ila chagua zile nzito, ambazo haziwezi kupanda basi kurudi huko.

Kuhusu meza, ni sentimita mia na hamsini. Mpe vitu vya meza hiyo, usimwambie kwa nini. Akifika akapima mwenyewe, nitasema mbao zilivimba kwa mvua. Huku haijanyesha tangu mwezi wa nne, lakini Anitha ananiamini.