Letasi Ndefu Kuliko za Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tano. Letasi sita, yale majani ya saladi, ndani ya makopo sita ya rangi. Matundu ya chini nimetoboa mwenyewe kwa msumari; kidole kimoja nacho kimetobolewa. Zote hai! Nimezipima kwa futi kamba ya kazini. Iliyo ndefu kabisa ina inchi saba. Za jirani, muuguzi mstaafu wa baraza la pili, hazifiki hata nne. Nilimpa pole. Akacheka.

Jumapili baba mkwe anakuja kula. Daktari amemwambia ale majani mabichi kwa wingi. Miaka kumi na minane nimemuoa binti yake, na hajanisifu hata kwa kifungo. Huniita fundi, kama mteja. Suti niliyomshonea aliivaa mara moja, akasema inapitisha hewa. Safari hii lazima aseme neno zuri. Nalitaka neno hilo kuliko ninavyothubutu kumwambia mke wangu.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu: jua. Jirani anaficha zake kivulini kama vifaranga, tena kila asubuhi anazikata majani ya pembeni kwa mkasi. Unapandaje kitu halafu unakikata? Mimi nimehamishia makopo upande wa ukuta wa bati, penye joto kutwa nzima. Inchi tisa! Nimekwaruza jani moja, likatoa utomvu mweupe. Maziwa! Nimemwita mke wangu aone. Akaniuliza kama suruali ya mwalimu mkuu imekwisha.

Haijakwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Inchi kumi na tatu. Shina limenyooka katikati kama askari. Jirani amenisimamisha ngazini, akasema letasi ikirefuka hivyo inajiandaa kutoa maua, nizivune leo hii. Wivu huo. Nimemshukuru kwa upole, nikapanda mbio kuficha siri ya ushindi: nimetundika pazia kati ya baraza lake na langu. Pazia ni la mteja, lakini lilikuwa linangoja pindo tu.

Mteja naye amekuja leo. Amelikuta lina tope hadi kiunoni. Nikamwambia siku hizi tunanyoosha vitambaa kwa upepo. Hakuamini. Nimelifua mwenyewe, mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Inchi kumi na tisa! Mke wangu anasisitiza nionje kabla ya kesho. Nimekataa katakata. Majani ni ya mzee.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu amemwalika na jirani. Bila kuniuliza! Amekuja na bakuli la majani yake mafupi. Mimi nilimpeleka mzee barazani kwanza, nikamshikisha ncha ya futi kamba. Inchi ishirini na moja. Akatikisa kichwa.

Mezani nikamjazia sahani. Akatafuna. Akatafuna sana. Mke wangu akaonja, akakimbilia maji. Nikaonja mimi. Chungu shubiri! Nilitamani ardhi inimeze, makopo na yote. Wiki tano za kubeba ndoo, na mzee wa watu anakodoa macho.

Jirani akamsogezea bakuli lake. Mzee akaliweka pembeni.

“Machungu, mwanangu,” akaniambia. “Lakini mtu amenibebea maji wiki tano. Sahani yake naimaliza.”

Akaimaliza. Mwanangu! Nikaenda jikoni kutafuta chumvi, nikakaa huko mpaka macho yakakauka. Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo, na sikuwa na mahali pa kuiweka.

Jumatatu, 10 Machi
Jirani amepita asubuhi na mbegu. Amenieleza taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa: kivuli, maji, vuna zikiwa fupi, zikirefuka zinakuwa chungu. Nikaitikia kila neno. Maskini, bakuli lile bado linamuuma. Maana mzee aliwekewa matamu na machungu, na sahani aliyoisafisha ni yangu. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Nimepata makopo kumi na mawili. Yote nimeyapandisha juu ya paa la bati, jua lilipo. Mke wangu amenitazama tu, akarudi ndani.

Nimempigia mzee mwenyewe, nikamwambia safari ijayo namwandalia sahani mbili. Akakohoa, akaniambia nimpe simu binti yake. Nadhani alizidiwa na furaha.