Vitambaa Vyekundu Kinamasini

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu ametangaza: Alhamisi darasa la sita linakwenda kinamasini kujifunza mimea na ndege. Nani anaijua njia? Bwana Ramani, mwalimu wa jiografia, alikuwa bado anafuta miwani. Nikamwahi. Nikasema kinamasi kile nimekizunguka tangu ujana. Nimekabidhiwa mkondo wa kwanza, yeye wa pili. Uongo mtupu! Kinamasi nakijua kwa picha ya kitabuni tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Baada ya vipindi nimemnyatia mlinzi wa kinamasi, mama mmoja mkimya. Kila alipokanyaga, nikafunga kitambaa chekundu kwenye tete. Njia nzima, mpaka kibanda cha kutazamia ndege. Vitambaa vyenyewe ni pazia letu la sebuleni. Lilishachakaa. Kiasi.

Jumatano, 5 Machi
Mama watoto ameshajua. Nimemwambia pazia limejitolea kwa ajili ya elimu. Akasema basi nami nijitolee, nisimame dirishani nikinge jua. Nimesimama nusu saa. Akacheka, akaniletea chai.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Bwana Ramani alitaka kutangulia na watoto wake. Nikamwachia kwa madaha. Waliporudi zamu yangu ikafika, na hakuna kitambaa hata kimoja! Kumbe watoto wake wameokota “takataka” njia nzima, mfuko umejaa, na mwalimu mkuu anawapigia makofi.

Watoto thelathini na wanne wananikodolea macho. Nikasema twendeni. Hatua ya kumi na moja, nikazama mpaka kiunoni.

Hapo kiranja wangu, binti ambaye hata salamu huitikia kwa kunong'ona, akapaza sauti: “Msimfuate mwalimu! Kanyageni mashina ya mafunjo! Si alitufundisha mwenyewe kwamba mizizi yake inashika tope?”

Wakapita wote, wakavu, mpaka kibandani. Nilifundisha hivyo? Nilifundisha! Raha ilinijaa kifuani. Chini ya hapo sikuwa na hisia yoyote.

Bwana Ramani akaja mbio, akalala kifudifudi, akanivuta kwa mikono miwili. Nikatoka. Miwani yake ikazama. Mwalimu mkuu akauliza kulikoni. Nikafumba macho, nikajua leo nimekwisha. Bwana Ramani akajibu bila hata kutabasamu: “Alikuwa anawaonyesha jinsi wanyama wanavyonasa.”

Nikampangusa uso kwa shati langu. Nikamwongezea tope.

Ijumaa, 7 Machi
Watoto wameleta michoro ya safari. Watatu wamechora ndege. Waliobaki wamenichora mimi. Yote imebandikwa ukutani, karibu na ofisi, wazazi waione. Mchana nimempeleka Bwana Ramani kwa daktari wa macho, nimemshika mkono asigonge nguzo. Hata hivyo aliisalimia moja kwa heshima zote. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Nimeapa mbele yake: uongo basi!

Jumatatu, 10 Machi
Kikao cha walimu. Muhula ujao safari ni ya kisiwani, ng'ambo ya ziwa. Mwalimu mkuu akauliza nani anaweza kuwafundisha watoto kuogelea. Bwana Ramani akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ananitia moyo. Nikasema mimi nimekulia majini kama samaki!

Kesho asubuhi nitajaza beseni, nijaribu kuzamisha uso.