Kama Mtamfukuza Dada Yangu, Niambieni Kabla ya Ijumaa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi,
Kampuni ya Maduka ya Mtaani,
Makao Makuu, ghorofa ya juu kabisa (nadhani).

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti cha mgongo mrefu ulichopigiwa picha mwanzoni mwa ripoti ya mwaka. Kiti kizuri. Mimi ni mmoja wa wenye kampuni, kwa hiyo hata hicho kiti ni changu kidogo, labda uzi mmoja wa mshono. Endelea kukikalia tu, sina neno.

Nijitambulishe. Natengeneza simu: vioo, betri, na zile zilizoanguka chooni. Shule niliacha kidato cha pili, na ni mimi niliyeiacha, si yenyewe. Lakini mambo ya hisa nayajua kuliko hao wenye tai. Babu yetu alituachia mimi na dada yangu hisa mia tatu za kampuni yako. Mimi nasema tuzishike zote. Dada anasema tuuze sehemu kubwa. Mama amechoka na kelele zetu, ametuambia, "Ijumaa iwakute mmeshaamua. Baada ya hapo sitaki kusikia neno hisa humu ndani, hata mkiwa mnaota."

Na huyo dada, Mheshimiwa, ndiye keshia wako wa duka la mtaani kwetu, lile la pembeni ya kituo cha mafuta. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Nayapa namba ili katibu wako asihangaike.

1. Ripoti nimeisoma kurasa zote arobaini, nyingine mara mbili kwa sababu sikuzielewa. Ukurasa wa kumi na tisa unasema mwaka juzi mlipunguza wafanyakazi, hisa ikapanda. Mwaka jana mkapunguza tena, ikapanda tena. Duka letu lilikuwa na watu watano. Sasa yupo dada na mlinzi, na mlinzi mwenyewe anaumwa mgongo. Kwa hesabu yangu hisa imebakiza kupanda mara moja ya nguvu, siku mtakayomwondoa dada. Sasa mnangoja nini? Mwanahisa nimekaa hapa kama mtu aliyeagiza chai na mhudumu kaenda kulala.

2. Dada anawatia hasara. Nasema kwa uchungu wa mwenye mali, si kama ndugu yake. Kuna mzee mmoja, dereva mstaafu, huja kununua betri za redio. Dada anazijaribu kwanza kwenye redio ya mzee, akikuta mbovu anambadilishia. Mheshimiwa, betri ilikuwa imeshauzwa! Maziwa yakibakiza siku moja anawaambia wateja, "Mama, hayo yanywe leo leo, kesho usije kunilaumu." Basi mtu aliyeshika pakiti tatu anaondoka na moja. Nilimweleza kwa upole kwamba anakula gawio letu. Akaniambia, "Hebu toka mbele ya kaunta, unaziba foleni." Foleni nzima ilikuwa mimi.

3. Mmeleta mashine ya wateja kujihudumia. Hongera. Mteja akipitisha sabuni, mashine inasema, "Tafadhali subiri mhudumu." Mhudumu ni dada. Anaacha foleni yake, anakwenda kuibembeleza mashine, anarudi, inamwita tena. Ukitazama vizuri, pale dukani mashine ina mfanyakazi mmoja na dada hana hata mmoja. Hata hivyo mshahara bado analipwa yeye. Huo si utaratibu.

4. Hii nimeifuta. Dada alikuwa anapita.

5. Nikafikiri mbele zaidi, maana kichwa changu kikiwaka hakizimiki. Kama mfanyakazi ni gharama, mteja je? Anaingia na matope. Anafungua friji, anasimama kuchagua, baridi yote inatoka. Anauliza bei iliyoandikwa mbele ya pua yake. Duka lisilo na keshia wala mteja haliwezi kupata hasara, jaribu kulipigia hesabu uone. Nafurahi kuona mmeshaanza na bidhaa: rafu ya mkate ni tupu wiki ya pili sasa, inang'aa mpaka mtu anaweza kujichania nywele. Nikamwambia dada, "Unaona? Hii ripoti inaiita ufanisi." Alinitazama kama anavyotazama noti ya bandia.

6. Sasa jambo lenyewe. Mshahara wa dada ndio unaolipa kodi ya nyumba, dawa za presha za mama na umeme wa meza yangu ya ufundi. Usidhani sikulipima hilo. Hisa ikipanda kama mwaka jana, faida yetu itatosha dawa za mama za wiki tatu. Baada ya hapo mama atalazimika kupona. Nakiri hiyo ni changamoto ya muda, kama mnavyoandika wenyewe kila mnapokosa la kuandika.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Niandikieni tarehe ya kumwachisha kazi. Ikiwa kabla ya Ijumaa, nitasimama mbele ya mama na ushahidi na hisa zote tutazishika. Ikiwa baada ya Ijumaa, mtakuwa mmemwachisha bure, na mimi nitakuwa nimeshindwa na keshia ndani ya nyumba yetu wenyewe. Jambo hilo sitawasamehe.

Wasalimie wanabodi wote, wahasibu, dereva wako, na anayewachemshia chai hapo ghorofani, kama hajapunguzwa.

Wako katika faida na hasara, hasa faida,

Mwanahisa na Fundi Simu,
meza ya pili kutoka ngazini.

Nyongeza: Nilitoka kununua bahasha, nikarudi nikamkuta dada ameisoma yote. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Mkate haujaletwa wiki mbili. Unajua kwa nini?" Nikasema ufanisi. Akasema dereva wa mkate alisimama mlangoni akatangaza mbele ya wateja wote kwamba kiwanda chao hakijalipwa miezi minne, na hawaleti hata kipande. Mwenye maziwa naye siku hizi hashushi kreti mpaka ashike pesa mkononi. Nimepekua tena kurasa zote arobaini. Neno mkate halimo.

Halafu kuna jambo nililosahau kulichunguza, kwa wingi wa kazi: hisa zimeandikwa jina lake peke yake. Babu alipoziandikisha mimi nilikuwa bado nanyonya. Jumatatu, kwenye mapumziko yake ya chai, amesimama huko nyuma penye mapipa ya taka, alimpigia dalali akauza mia mbili na hamsini. Juzi hisa ikaanguka. Jana ikaanguka tena, na leo sijatazama, nina heshima zangu. Dawa za mama zimeshanunuliwa za mwaka mzima.

Nikamwuliza hizo hamsini amebakiza za nini. Akasema mwenye hisa hata moja anaruhusiwa kuingia mkutano mkuu na kunyoosha mkono akauliza swali. Basi yote niliyoandika huko juu yafute, bakiza salamu. Anaomba tarehe ya mkutano mapema ili aombe ruhusa kazini. Mkiwa mmeshamwachisha, ruhusa ya nini tena? Atakuja asubuhi na mapema, akae mstari wa mbele.